John Napier, Mkristo Aliyepunguza Kazi ya Hesabu

Katika masomo yetu tumezoea kutazama maisha ya mitume, maaskofu na wamisionari. Mara hii twaomba ruhusa ya kumtazama mtu ambaye hakuwa hata mmoja wa hao. Hakupata kuja Afrika, wala jina lake halimo katika kalenda ya watakatifu. Lakini kila kijana wa Maisaka aliyefika Kidato cha Pili amekutana na kazi yake, pengine kwa machozi, maana huyu ndiye aliyetunga logarithimu, zile ambazo vijana wetu huziita logi.

Jina lake ni John Napier. Alizaliwa mwaka 1550 katika ngome ya Merchiston, karibu na mji wa Edinburgh, huko Uskoti. Baba yake, Archibald, alikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi mtoto huyu alipozaliwa. Mjomba wake alikuwa Adam Bothwell, Askofu wa Orkney. Mwaka 1563, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa Chuo Kikuu cha St Andrews, na mwaka huo huo mama yake akafariki. Aliondoka pale bila shahada. Inaaminika kwamba alisoma nchi za ng'ambo, na kufikia mwaka 1571 alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mke wake wa kwanza, Elizabeth Stirling, alifariki mwaka 1579 akamwachia watoto wawili. Wa pili, Agnes Chisholm, alimzalia watoto kumi. Nyumba ya watoto kumi na wawili haina kimya, nasi twashangaa kidogo kwamba kutoka katika nyumba ya namna hiyo ilitoka kazi ya namba iliyochukua miaka ishirini hivi.

Napier hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mwenye mashamba na mzee wa Kanisa la Uskoti. Familia yake ilijaribu kurutubisha udongo kwa chumvi, na yeye mwenyewe alibuni parafujo ya kuvuta maji yaliyojaa katika migodi ya makaa. Hesabu alizifanya kwa muda wake, jioni na asubuhi.

Majirani walimdhania kuwa mchawi. Kuna kisa kimoja ambacho watu wa Uskoti bado wanakisimulia, nasi twakitoa kama kisa. Vitu vilikuwa vikipotea nyumbani mwake, akawashuku watumishi. Akawaambia kwamba jogoo wake mweusi ana uwezo wa kumtambua mwizi. Kila mtumishi aingie peke yake katika chumba chenye giza, amshike jogoo mgongoni. Mwizi akimgusa, jogoo atawika. Wote wakaingia na kutoka, jogoo kimya. Ndipo Napier akaagiza waonyeshe viganja vyao. Kumbe jogoo alikuwa amepakwa masizi! Wasio na hatia walikuwa na mikono myeusi, na yule aliyeogopa kumgusa mkono wake ulikuwa safi. Uganga wote ulikuwa masizi na akili kidogo. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yao mekundu twafahamu jina la mchawi laweza kumfikisha mtu wapi, na katika Uskoti ya siku zile watu walichomwa moto kwa jina hilo. Napier alikuwa mtu mkubwa mwenye ngome. Bibi mmoja maskini wa kijijini asingecheza mchezo ule wa jogoo akabaki salama.

Basi tuje kwenye kazi yake. Siku zile wataalamu wa nyota na wanamaji walikuwa na shida moja kubwa, nayo ni kuzidisha na kugawanya. Mtu akitaka kuzidisha namba ya tarakimu saba kwa nyingine ya tarakimu saba, hana budi kuandika mistari saba ya namba, kisha aijumlishe yote. Kosa dogo katika mstari wa pili huharibu kazi ya siku nzima, na nahodha anaweza kuupeleka mwamba pale anapodhani pana maji ya kina, au tuseme kuipeleka merikebu yake kwenye mwamba. Kujumlisha ni kazi nyepesi, kuzidisha ni kazi nzito. Napier akajiuliza: je, haiwezekani ile nzito igeuzwe kuwa hii nyepesi?

Tuchukue karatasi. Juu tuandike mstari wa hatua: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10. Chini ya kila hatua tuandike namba inayoongezeka maradufu: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024. Sasa tunataka kuzidisha 8 kwa 32. Juu ya 8 ipo 3, na juu ya 32 ipo 5. Tatu na tano ni nane. Tukitazama chini ya 8 tunakuta 256, na hilo ndilo jibu. Hatukuzidisha chochote. Mwenye shaka ajaribu 16 mara 64: nne na sita ni kumi, na chini ya kumi ipo 1024. Zile namba za juu ndizo logi za namba za chini. Kugawanya nako kunakuwa ni kutoa tu.

Ugumu uko hapa: katika mstari wa chini hamna 5, wala 7, wala 300. Napier alitaka jedwali lisilo na mianya. Alilifikiria hivi. Mabasi mawili yanatoka Babati pamoja, kwa mwendo mmoja. (Yeye hakutaja mabasi, alitaja nukta mbili zinazotembea juu ya mistari.) La kwanza linashika mwendo ule ule bila kubadilika, na barabara yake haina mwisho. La pili linakwenda Singida, nalo linapunguza mwendo kadiri safari iliyobaki inavyopungua: ikibaki nusu ya safari, mwendo wake ni nusu, ikibaki robo, ni robo. Abiria wa basi hilo hawatafika Singida kamwe, lakini hilo tuliache. Kila wakati, umbali uliokwisha kutembewa na basi la kwanza ni logi ya umbali uliobaki kwa basi la pili. Kwa njia hii namba yoyote hupata logi yake. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kuzipiga hesabu hizo moja moja kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya na mwanga wa mshumaa.

Kitabu chake kilitoka Edinburgh mwaka 1614, kwa Kilatini, kikiwa na kurasa 57 za maelezo na kurasa 90 za majedwali. Neno logarithimu alilitunga mwenyewe kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, logos na arithmos. Arithmos ni namba. Logos ni lile lile la sura ya kwanza ya Injili ya Yohana ambalo Biblia yetu inasema Neno, ila hapa limetumika katika maana yake nyingine, yaani uwiano.

Huko London alikuwako profesa mmoja wa Chuo cha Gresham, Henry Briggs. Alipokisoma kitabu hakuweza kutulia. Mwaka 1615 alisafiri mpaka Uskoti kumwona mwandishi. Yasimuliwa kwamba Napier alikuwa amekwisha kata tamaa ya kumwona mgeni, mara mlango ukagongwa. Nao walipokutana walitazamana karibu robo saa bila hata mmoja kutoa neno. Briggs alikaa hapo mwezi mzima. Wawili hao wakakubaliana kwamba majedwali yatakuwa mepesi zaidi yakijengwa juu ya kumi, ili logi ya 1 iwe 0 na logi ya 10 iwe 1. Napier alikuwa amekwisha dhoofika mwili, kwa hiyo Briggs akaichukua kazi hiyo. Mwaka uliofuata alirudi tena kumwonyesha alipofikia. Angekwenda mara ya tatu, lakini Napier alifariki tarehe 4 Aprili 1617. Mwaka huo huo Briggs akatoa logi za namba 1 mpaka 1,000, kila moja ikiwa na tarakimu kumi na nne baada ya nukta, na mwaka 1624 akatoa kitabu kikubwa zaidi. Mholanzi Adriaan Vlacq aliijaza sehemu iliyobaki mwaka 1628, mpaka 100,000.

Yale majedwali ya tarakimu nne yanayotumika mashuleni kwetu ni wajukuu wa vitabu hivyo. Kwa miaka mingi watahiniwa wa Kidato cha Nne waliruhusiwa kuingia na majedwali katika mtihani wa Hisabati na kukatazwa kikokotoo. Tuone mfano wa shambani. Mtu ana shamba la mahindi na mbaazi lenye urefu wa meta 237 na upana wa meta 184. Logi ya 237 ni 2.3747. Logi ya 184 ni 2.2648. Tukizijumlisha tunapata 4.6395, na majedwali yanaturudishia 43,600. Akizidisha kwa mkono atapata meta za mraba 43,608. Tumepungukiwa meta nane katika shamba la zaidi ya ekari kumi. Hakuna ugomvi wa mpaka utakaoamuliwa na meta hizo nane, ingawa tunawafahamu watu ambao wangejaribu.

Habari za logi zilienea upesi. Edward Wright alikitafsiri kile kitabu kwa Kiingereza kwa ajili ya wanamaji, na tafsiri hiyo, iliyotoka mwaka 1616 baada ya yeye mwenyewe kufariki, ilitolewa kwa heshima ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ambayo merikebu zake zilikuwa zikivuka bahari hii yetu ya Hindi. Johannes Kepler, bingwa wa nyota wa Ujerumani, alipendezwa mno hata akamtolea Napier kitabu chake kimoja kwa heshima, asijue kwamba mwenyewe amekwisha lala kaburini. Waanglikana nao tumo. William Oughtred, kasisi wa parishi ya Albury huko Uingereza, ndiye aliyefikiri kuchora logi juu ya rula mbili na kuitelezesha moja kando ya nyingine, hata jibu likaonekana bila kuandika kitu. Alihudumu parishi hiyo hiyo miaka hamsini, akifundisha hesabu bila malipo. Na ile alama ya × ambayo watoto wetu huiandika kila siku imetoka kwake. Rula za namna hiyo zilikuwa mfukoni mwa mainjinia wa barabara na madaraja duniani kote mpaka vikokotoo vidogo vya umeme vilipoenea katika miaka ya 1970.

Leo simu ya mkononi inazidisha kabla hatujakunja kidole. Hata hivyo logi hazikuondoka. Bwana shamba akipima udongo akasema una pH 5, na shamba la jirani lina pH 6, msidhani tofauti ni ndogo; kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa kwanza una asidi mara kumi ya ule wa pili. Maji ya magadi ya Ziwa Manyara yamepita pH 9, na hiyo ndiyo sababu viumbe wengi wa Ziwa Babati wasingeweza kuishi kule. Tetemeko la ardhi nalo hupimwa kwa logi: la 6 hutikisa kipimo mara kumi kuliko la 5.

Liko jambo jingine karibu nasi zaidi, nalo ni madeni. Ndugu zetu wengi, hasa akina mama wenye biashara ndogo sokoni, wamechukua ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba asiyoilipa inaongezwa juu ya deni. Asilimia 10 inasikika kama jambo dogo. Je, ni baada ya miezi mingapi deni litakuwa maradufu? Wengi tuliowauliza walijibu miezi kumi, kwa kuwa kumi mara kumi ni mia. Logi zasema vingine. Chukua logi ya 2, ambayo ni 0.3010, uigawe kwa logi ya 1.1, ambayo ni 0.0414. Jibu ni 7 na kidogo. Mwezi wa saba deni ni shilingi 194,872. Mwezi wa nane ni 214,359. Akifika mwaka mzima bila kulipa anadaiwa shilingi 313,843. Tungependa Umoja wa Akina Mama wafanye hesabu hii pamoja, ubaoni, kabla mtu hajatia kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo. Riba ya kikundi cha kukopeshana, ambayo wanachama wenyewe wameipanga na faida yake inawarudia, nayo ipigiwe hesabu hiyo hiyo.

Sasa hapana budi tutazame kitabu kingine cha Napier, ambacho yeye mwenyewe inaelekea alikithamini kuliko logi zake zote. Akiwa mwanafunzi St Andrews alisikia mahubiri ya Christopher Goodman juu ya Ufunuo wa Yohana, na moyo wake ukashikwa. Mwaka 1593 alitoa kitabu kikubwa juu ya Ufunuo, akakitoa kwa heshima ya Mfalme James wa Sita. Humo alihesabu baragumu na vitasa, kila kimoja miaka 245, akafikia uamuzi kwamba Siku ya Hukumu itakuja kati ya mwaka 1688 na mwaka 1700. Papa alimwita Mpinga Kristo. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara nyingi na kutafsiriwa kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani.

Mwaka 1700 ukafika, ukapita. Napier alikuwa na miaka 83 kaburini.

Tujiulize, kosa lilikuwa wapi, maana huyu alikuwa bingwa wa hesabu kuliko watu wote wa Ulaya wa siku zake. Kujumlisha kwake kulikuwa sawasawa. Kilichokosekana ni kipimo. Hakuna mahali Yohana alipoandika kwamba baragumu moja ni miaka 245. Hiyo aliileta Napier mwenyewe, na namba nzuri zikijengwa juu ya msingi wa kubuni zinapendeza tu machoni. Logi ziliweza kukaguliwa na Briggs kwa mwezi mmoja, na penye haja zikaboreshwa. Mahesabu ya Ufunuo hayakuwa na mkaguzi mpaka tarehe yenyewe ipite. Naye alikuwa amekwisha soma Marko 13:32, ambapo Bwana wetu anasema siku hiyo hata yeye Mwana haijui.

Ni vema pia tukumbuke hofu ya wakati ule. Mwaka 1588 Hispania ilikuwa imetuma merikebu nyingi za vita kuivamia Uingereza, na Waprotestanti wa Uskoti waliogopa kwamba zamu yao i karibu. Mwaka 1596 Napier aliandika orodha ya silaha za siri alizobuni, na ndani yake mna vioo vya kuchoma merikebu kwa jua, na chombo cha kusafiri chini ya maji. Alikuwa pia kati ya wajumbe waliomwendea Mfalme kudai wakuu Wakatoliki waadhibiwe, na miongoni mwa wakuu hao alikuwamo mtu wa ukweni kwake. Hofu huweza kumfikisha mcha Mungu mahali pa namna hiyo. Sisi wa Babati, ambao wengi wetu tumetibiwa katika hospitali ya Wakatoliki ya Dareda, na ambao tunazikana pamoja, hatuwezi kumfuata huko.

Lakini kupanga tarehe hakukuzikwa na Napier. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Siku ilipopita wafuasi walianza kudai mali walizouza, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na wengi wao walikuwa watoto. Napier aliweka tarehe yake mbali, wala hakumwambia mtu auze ng'ombe wake. Ila mhubiri akija Maisaka na kalenda mkononi, na baada ya tarehe akafuata mfuko wa sadaka, swali la kumwuliza ni lile la baragumu: kipimo hiki umekitoa wapi? Na wazazi wasisubiri tarehe ipite ndipo waulize.

Tumalizie na kitu cha mikono kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili. Mwaka aliofariki, Napier alitoa kitabu kidogo juu ya vijiti vya kuhesabia, ambavyo watu waliviita mifupa ya Napier kwa kuwa vingine vilichongwa kwa pembe za ndovu. Sisi tutatumia vipande virefu vya karatasi ngumu. Kila kipande kina miraba tisa, toka juu mpaka chini. Kipande cha 4 kinaandikwa 4, 8, 12, 16 na kuendelea mpaka 36. Cha 6 kinaandikwa 6, 12, 18 mpaka 54. Na hivyo hivyo kwa namba nyingine. Kila mraba ukatwe kwa mstari wa mshazari toka pembe ya juu kulia mpaka pembe ya chini kushoto, makumi yakae juu ya mstari na mamoja chini yake. Kuzidisha 46 kwa 7, weka kipande cha 4 na cha 6 ubavu kwa ubavu, ushuke mpaka mraba wa saba. Utaona 2 na 8, kisha 4 na 2. Anza kulia: 2. Kisha jumlisha zilizo katika mshazari mmoja, 8 na 4, upate 12. Andika 2, peleka 1. Iliyobaki ni 2, ongeza ile 1, ni 3. Jibu ni 322. Watoto wajaribu wenyewe 58 mara 9, na majibu yao wayalete kanisani Jumapili pamoja na vijiti walivyotengeneza.